Mjomba, Mbona Hatembei?

Mpwa wangu ana miaka 12, na tangu vidole vyake vikaze ameshika pedi. Jumamosi moja alinikuta kibandani kwangu hapa Mwanza nimefungua gemu ya Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta ya kazini. Mteja akaingia, nikamwachia dogo kiti. Akapanga vidole juu ya W, A, S na D kama anavyowaona vijana wakicheza gemu za risasi, akabonyeza W. Picha ikaanza kuteleza mbele: mchanga, mabaki ya meli yanayofuka moshi, mawe, maji. Akabonyeza D, picha ikahamia kulia. Shujaa wetu kabaki kule nyuma ufukweni, kasimama, anapunga upepo.

"Mjomba, mbona hatembei? Kafa?"

"Hajafa. Bofya pale chini unapotaka aende."

Akabofya. Shujaa akakimbia peke yake mpaka kwenye jiwe, akasimama. Dogo akageuka kunitazama kama mtu aliyeuziwa soda isiyo na gesi.

"Mimi sitaki kumtuma. Nataka niende mwenyewe."

Mteja alikuwa anasubiri bei ya kubadilishiwa tundu la chaji, kwa hiyo sikumjibu. Ila maneno yale nimekaa nayo wiki nzima, maana nimecheza gemu za namna hii miaka mingi na sijawahi kusikia mtu akiueleza kwa maneno machache hivyo ugomvi wa watu wa kompyuta na watu wa pleisteshen.

Nijitambulishe kwa wageni. Mimi ni fundi. Natengeneza simu, redio na chochote chenye skrubu, lakini kinacholipa kodi ya kibanda ni pedi, kwa sababu mtaani kwetu kuna mabanda manne ya gemu na kila moja limejaa watoto wanaomalizia hasira zao kwenye vitufe. (Niseme mapema: kila nikiandika pedi hapa namaanisha ya gemu. Mwaka juzi nilimwagiza dada yangu aniletee pedi sita kutoka Kariakoo, akanipigia simu kwa sauti ya chini kuniuliza nina mgeni gani.) Nimefungua nyingi kiasi kwamba nakuambia mwenye nayo anacheza nini kabla hajafungua mdomo. Pedi ya mtu wa gemu za mpira wa miguu mara nyingi hufa R2 kwanza, kile kitufe cha nyuma kulia, maana ndiyo ya kukimbia, na mtoto hajui kukimbia nusu. Mausi ya mtu wa Diablo, gemu ya kuua pepo kwa kubofya, hufa kitufe cha kushoto. Kile kiswichi kidogo cha ndani kinachoka, ukibofya mara moja yenyewe inahesabu mbili. Pedi ya mtu wa RPG, hizo gemu ndefu za kukuza mhusika, kugawa pointi, kubeba mapanga tisa na kuongea na kila mzee wa kijiji, huletwa mara chache. Ikija, imechakaa kwenye mishale, ule msalaba wa kushoto, wakati analogi zote mbili, vile vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, bado nzima. Hapo najua huyu mtu ameshinda kwenye menyu.

Wanaocheza RPG mtaani ninaowajua ni wawili, mimi na mwalimu mmoja wa sekondari.

Sasa, kumtuma na kwenda mwenyewe. Baldur's Gate ya kwanza kabisa ilitoka 1998, ikatengenezwa na kampuni ya BioWare. Niliikuta miaka mingi baadaye kwenye kompyuta kuukuu ambayo mwenyewe aliisusia kibandani. Unaangalia kutoka juu, kama mwewe. Una watu sita. Unashika mausi, unavuta kiboksi kuwazunguka kama unaswaga mbuzi, unabofya, wote wanaenda. Adui akitokea unapiga ule mwamba mrefu wa chini kwenye kibodi, wa kuachia nafasi, na dunia nzima inaganda: mishale hewani, panga katikati ya safari. Unampa kila mmoja kazi yake. Wewe mpige yule wa kushoto, wewe rudi nyuma unywe dawa, wewe mchawi anza kusoma maneno yako. Unapiga mwamba tena, vita vinaendelea. Sekunde mbili baadaye unagandisha tena, kwa sababu mchawi amepigwa mshale na maneno yamemkatikia mdomoni.

Hapo nilikuwa kocha. Kocha anasimama pembeni ya uwanja, ananyoosha kidole, anaona nafasi ambazo mchezaji hawezi kuziona, na hakanyagwi na njumu. Mchezaji anaona migongo miwili na mpira. Mausi ni kidole cha kocha, na pedi ni miguu ya mchezaji. Hilo ndilo dogo alilokuwa ananiambia: amezoea kuvaa jezi, mimi nikamkabidhi ubao na filimbi.

Watu wa kompyuta hupenda kujibu kwa hesabu. Kibodi ina vitufe zaidi ya mia, pedi haifiki ishirini, kwa hiyo eti RPG ya kweli ni ya kompyuta. Idadi ni sahihi, ila haihusiani na lolote. Ile Baldur's Gate niliimaliza kwa mausi na kitufe kimoja. Kibodi iliyobaki ilikuwa na vumbi.

Nilielewa vizuri kupitia Dragon Age: Origins ya 2009, nayo ya BioWare, kwa sababu niliicheza huku na huku. Kwenye kompyuta kwanza. Ukizungusha gurudumu la mausi kurudi nyuma, kamera inapanda mpaka unaona uwanja wote wa vita kutoka juu, na chini ya skrini kuna mstari wa vibonyezo unaourefusha kadiri ujuzi unavyoongezeka. Nilikuwa nagandisha kila baada ya pumzi moja. Mpira wa moto naupima kwa jicho ili ukingo wa lile duara usimguse mtu wangu. Pigano la dakika mbili linakula nusu saa.

Baadaye mteja akaleta PS3 iliyokuwa inazima kwa joto, na ndani ya mfuko mlikuwa na diski ya gemu hiyohiyo. Fundi lazima apime kifaa baada ya kukitengeneza. Nilikipima siku nne. (Kaka, kama unasoma: ilikuwa lazima. Tatizo la joto halijionyeshi kwa dakika kumi.) Kamera ya juu haikuwepo. Iko mgongoni kwa mtu wako, unaona mabega na ngao yake. Njia za mkato ni sita: vitufe vitatu vya kulia, na vitatu hivyohivyo ukiwa umekandamiza R2. Mengine yote yanaishi kwenye gurudumu. Unakandamiza L2, mwenzake R2 wa kushoto, vita vinasimama, duara linafunguka, unasaka ndani yake.

Hadithi ile ile, majitu yale yale, lakini nilikuwa mtu mwingine. Sikugandisha sana, kwa sababu kugandisha bila kuona uwanja kunakusaidia nini? Nilichukua mpiganaji mwenye upanga mkubwa nikaingia mzimamzima. Wenzangu watatu nikawaachia ukurasa wa mbinu, ambao upo kwenye matoleo yote: unaandika masharti mapema, mwenzako akibaki na damu kidogo mtibu, adui akikusogelea msukume. Kwenye kompyuta ukurasa ule niliufungua mara moja nikaufunga. Kwenye PS3 nilikaa nao muda mrefu kabla ya kila pigano zito, nikipanga mistari juu na chini, kama yule kocha wa timu ya mtaa anayechora ubaoni kwa makini kwa sababu anajua dakika tano zijazo atavaa namba nane aingie mwenyewe.

Hakuna aliyenilazimisha kubadilika. Kamera iliposhuka, na mimi nikashuka.

Chanzo cha ugomvi huu wa vitufe ni cha zamani, na kinanichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1985 Richard Garriott, Mmarekani aliyekulia Texas, alitoa RPG ya kompyuta iitwayo Ultima IV. Siku hizi inapakuliwa bure na kihalali, mashine yoyote inaibeba. Kila herufi ya kibodi ni amri. A ni kushambulia, C ni kupiga uchawi, S ni kupekua. Tatizo likaja kwenye kupanda ngazi, ambako kwa Kiingereza kunaanza na C, na C imeshachukuliwa. Basi wakaandika Klimb, kwa K. Kutazama hali ya mhusika kulipaswa kuanza na S, ambayo nayo imeshakwenda, wakaandika Ztats, kwa Z. Lugha nzima imepindishwa ili itoshe kwenye vitufe! Na kuongea na watu unaandika mwenyewe: unapiga NAME, mtu anakutajia jina, unapiga JOB, anakutajia kazi, katika jibu anadondosha neno, nawe unalidaka na kumrushia. Nilikuwa na daftari pembeni. Nilijihisi mpelelezi.

Huko Japani alikuwepo Yuji Horii, aliyezipenda Ultima na RPG nyingine iitwayo Wizardry, akataka kutengeneza ya kwake kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Pedi ya Famicom ina mishale, A, B na vitufe viwili vya katikati. Herufi zote zile uziweke wapi? Dragon Quest ilipotoka 1986, amri zilikuwa zimepangwa ndani ya dirisha dogo jeusi: ongea, pekua, mlango, ngazi. Ndiyo, ngazi. Ukifika kwenye ngazi hupandi tu. Unasimama juu yake, unafungua dirisha, unachagua ngazi. Na ukitaka kuongea na mtu lazima uchague upande alipo, kaskazini au kusini, kwa sababu picha ya shujaa ilikuwa inatazama mbele muda wote na anatembea kando kama kaa, kwa hiyo gemu haijui unamkabili nani. Walipoipeleka Marekani 1989 wakamchora anayegeuka, na swali la upande likafa. Nimecheza zote mbili. Ile ya kaa inachosha, lakini ndani ya dirisha lile naona kila menyu niliyowahi kuishusha kwa kidole gumba.

Mishale yenyewe, ule msalaba, ni kazi ya Gunpei Yokoi wa Nintendo, na ulionekana 1982 kwenye kijigemu cha mkononi cha Donkey Kong. Nikifungua pedi ndicho kipande ninachokigeuzageuza mkononi kabla ya kukirudisha. Chini yake katikati kuna kinundu. Ukibonyeza juu, upande wa chini unanyanyuka, kwa hiyo kidole hakiwezi kuamuru juu na chini kwa pamoja hata kikitaka. Chini ya kila mkono kuna raba yenye tone la kaboni. Kaboni ikichoka, safisha kwa spiriti, paka penseli ya 2B, na mtoto anarudi barazani akiwa mpungufu wa shilingi elfu mbili tu.

Halafu kuna suala la kitufe cha X. Jamaa mmoja alikuja na PS4 ya mtumba iliyotoka Japani, kaipata kwa bei nzuri. "Fundi, X imekufa. Nikibonyeza inanirudisha nyuma." Nikafungua pedi, nikasafisha, nikabadilisha ule utando wenye njia za umeme. Vilevile. Nikajaribu pedi yangu. Vilevile! Saa ya pili nikabonyeza duara kwa bahati mbaya na menyu ikafunguka kama mlango wa duka la Mhindi. Kwa Wajapani duara ni jibu sahihi na X ni kosa, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Kwa hiyo mashine za kwao zilikubali kwa duara na kukataa kwa X, wakati zilizouzwa Ulaya na Marekani zilifanya kinyume. Ni PS5 ya 2020 iliyowaweka wote kwenye X. Chini ya skrini ilikuwa imechorwa wazi muda wote, duara ingia, X rudi. Nani anasoma chini ya skrini? Nilimtoza elfu moja ya maelezo na sikumwambia nilitumia saa ngapi.

Kinachowakera zaidi watu wa kompyuta ni orodha, na hapo nakubaliana nao, ingawa wanaikosea pedi. Tuchukue RPG iitwayo Skyrim, ya Novemba 2011. Begi lako ni orodha moja ya majina, herufi kubwa, nafasi kubwa, na kitu ulichokichagua kinazunguka pembeni kama bidhaa kwenye dirisha la duka. Ukitaka uzito na bei yake, simama juu yake. Ukitaka za kinachofuata, shuka. Kwangu nyumbani kuna luninga ya inchi 32 na mkeka, na kati yake kuna mita tatu. Pale orodha ile inasomeka vizuri kabisa, hata bibi anaisoma. Isogeze mezani, kioo kikiwa nusu mita kutoka usoni, ni kama kusoma bango la barabarani ukiwa umeliegemea. Pana skrini yote ile, na inakuonyesha majina kumi na kitu.

Gemu ya ukoo huohuo, Morrowind ya 2002, kwenye kompyuta ilikuwa kinyume chake. Ukibofya kulia, madirisha manne yanafunguka pamoja, hali yako, begi, uchawi na ramani, kila moja unalivuta upana unaotaka na kulibana pini likae hapohapo. Meza ya karani kabisa.

Basi wachezaji wakajitengenezea SkyUI, programu ya nyongeza inayoligeuza begi la Skyrim kuwa jedwali: safu ya uzito, safu ya bei, safu ya nguvu, na kijisanduku cha kuandika jina la kitu unachokitafuta. Naiweka kabla sijaanza mchezo, kama mtu anavyoosha sufuria mpya kabla ya kupikia. Lakini ukiniletea SkyUI kwenye mkeka, mita tatu, nitakurudishia. Sioni kitu. Tatizo liko kwenye kiti.

Tena pedi ina ugonjwa mmoja ambao kwenye orodha unauma kuliko mahali pengine. Analogi ndani yake ina vijisahani viwili vya kaboni na kijiti kinachokwaruza juu yake. Kaboni ikilika, pedi inaamini unasukuma hata ukiwa umeiweka chini. Kwenye mpira utaona mchezaji anasogeasogea, unamsahihisha. Kwenye begi la RPG ni msiba. Nilikuwa dukani Whiterun, mji mmoja wa ndani ya Skyrim, nauza vyungu na ngozi za mbwa mwitu, kwa pedi ya bei rahisi isiyo na jina. Uza, uza, uza. Kishale kikawa kinashuka chenyewe polepole, hatua moja kila nilipopepesa macho. Nikatoka mjini, mbwa mwitu akanijia, nikatafuta upinde wangu niliouboresha kwa wiki nzima. Haupo. Nikarudi mbio dukani, nikaukuta umetundikwa kwa bei ya mwenye duka, ambayo si bei niliyouuzia. Sijui kama nilimtukana yeye au pedi.

Kabla sijaonekana nimeikalia kooni pedi, kuna watu walioifikiria vizuri. Final Fantasy XIV, ile iliyozaliwa upya 2013 chini ya Naoki Yoshida, ni gemu ya mtandaoni yenye amri lukuki, aina ambayo kila mtu aliapa haiwezekani bila kibodi. Wao wakagawa mstari wa vibonyezo kwa umbo la pedi yenyewe. Kandamiza L2, mishale minne na vitufe vinne vinakuwa amri nane. Kandamiza R2, nane nyingine. Kwenye skrini zinachorwa kwa umbo lile lile la misalaba iliyo chini ya vidole vyako, kwa hiyo jicho halitafsiri chochote. Mimi nimecheza majaribio ya bure tu, na intaneti yangu ilinifanya nife mara nyingi kuliko maadui, lakini vidole vilizoea siku ya pili.

Na Diablo III. Kwenye kompyuta, 2012, unabofya ardhi, unabofya pepo, unabofya mpaka mausi inaletwa kwangu. Ilipofika kwenye pedi mwaka uliofuata, hawakuhamisha kishale; walikitupa. Analogi ya kushoto ikawa miguu, ya kulia ikawa kujiviringisha kukwepa, na vitu vinavyodondoka vikapunguzwa ili usishinde begini. Mwalimu anasema ile ya pedi ndiyo Diablo halisi. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Jambo moja tu ambalo sitalisamehe upande wa pedi: F5. Kwenye kompyuta, Skyrim na Baldur's Gate 3 zote zinahifadhi kwa kupiga F5 mara moja. Kwa pedi, fungua menyu kwanza, ndipo uhifadhi. Aliyepanga vile anaishi mahali umeme haukatiki.

Turudi kwa dogo. Mteja alipoondoka nilichomeka pedi kwenye kompyuta, ile ile isiyo na jina, na kumwambia bonyeza chochote. Baldur's Gate 3 ikafikiri kidogo, kisha uso wake wote ukabadilika. Mstari mrefu wa vibonyezo pale chini ukatoweka. Kishale kikatoweka. Akisukuma analogi, shujaa anatembea. Akibonyeza cha nyuma kulia, magurudumu ya amri yanafunguka. Akikandamiza kitufe karibu na kreti, gemu inamwandikia orodha ya vilivyomzunguka badala ya kumwacha apapase kwa kishale. Hawakuikata ile ya kompyuta vipande. Waliijenga ya pili. Nikamshushia kamera mgongoni. Akaanza kukimbia pembeni ya maji bila sababu yoyote, anazunguka tu, anacheka.

"Sasa hapa niko mwenyewe."

Akatembea hivyo saa nzima. Kisha vita. Watu wanne upande wetu, maadui juu ya mwamba, zamu kwa zamu. Akachagua moto, akaanza kulisukuma duara la moto kwa analogi, taratibu, likapita alipotaka, likarudi, likapita tena. Akachoka, akabonyeza. Akamuunguza Shadowheart, mtabibu wetu, pamoja na adui mmoja.

"Mjomba, hii mausi inafanyaje vile?"

Sikusema neno. Nilimwona anaishika vibaya, kiganja kizima juu kama anafunika chungu, anazungusha gurudumu mpaka kamera ikapaa juu ya mwamba na watu wote wakaonekana wadogo. Akakaa kimya. Akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo nani yuko wapi. Nilimwacha aweke alama za vidole, ingawa kile kioo nilikisafisha asubuhi.

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi na ana mtindo wake: barabarani pedi, vitani mausi. Shida ni kwamba ile pedi ndiyo ile ya upinde. Akiiweka mezani, analogi yake inajisukuma yenyewe, gemu inadhani karudi kwenye pedi, magurudumu yanafunguka katikati ya mahesabu yake. Kwa hiyo kila vita vikianza anaichomoa, vikiisha anaichomeka. Jana tundu la USB la mbele limeanza kucheza.

"Mjomba," akaniambia huku akilisukuma kwa kidole gumba, "si wewe ndiye fundi wa pedi?"